Filamu Moja, Dawa Nne

Jumatatu, 4 Machi

Mama mkwe ameniita mwanangu! Mbele ya watu! Miaka kumi na moja ya ndoa nimekuwa "huyo mume wa binti yangu", leo nimepandishwa cheo.

Sababu ni filamu. Ijumaa iliyopita dada yake mkubwa alikuja. Hawakuwa wakisemezana kwa miaka sita, kisa cherehani ya marehemu mama yao. Wakanuniana, wakalia, wakapatana. Jumamosi dada akarudi kwake, mbali, na alituambia wazi kwamba magoti yake hayaitaki tena safari ile. Na siku hiyo ya kupatana kamera ilikuwa mkononi mwa nani? Mwangu! Ile ya zamani, ya filamu, ambayo mke wangu huiita lile kopo. Nimepiga picha thelathini na sita, nyeusi na nyeupe. Mwanyumba wangu, yule mwalimu wa kemia aliyemwoa dada wa mke wangu, hakuwepo. Alikuwa anasahihisha mitihani. Mungu si Athumani!

Mama mkwe anataka picha moja tu, yeye na dada yake. Jumapili saa kumi familia yote inakutana kwake na picha inatundikwa juu ya redio. Kwa sasa msumari wa pale umeshikilia picha ya rangi aliyopiga mwanyumba kwa simu. Mama mkwe anaonekana kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Miaka mitatu naitazama picha ile kila nikinywa chai pale.

Nimewaambia filamu nitaisafisha mwenyewe, kazi hiyo naijua. Siijui. Lakini ni kitu gani? Unaiingiza filamu kwenye dawa ya kusafishia, picha zinatokea. Unaihamishia kwenye dawa ya kukazia, picha hazifutiki. Unaosha, unaanika. Kufua mashuka ni kazi kubwa zaidi.

Kilichobaki ni kuchagua dawa tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimetoka kazini mapema, nimekwenda kwa Mzee Taa Nyekundu. Alikuwa na studio enzi zile, siku hizi amebaki na chumba kimoja cha giza nyuma ya nyumba na kikohozi. Nikamuuliza dawa gani ni bora. Akaniwekea chupa ya kahawia mezani, akasema hii, dakika tisa, tikisa kidogo kila dakika, kwisha.

Nikamuuliza kama ni bora kuliko nyingine. Akasema hajui. Miaka arobaini hajatumia nyingine!

Nimestaajabu. Mtu anakushauri dawa ilhali hajui kama ni bora! Nikamweleza kwamba mimi ni karani wa masjala, siwezi kufunga faili kabla ya kusikiliza pande zote. Akakohoa, akasema mchagua jembe si mkulima. Nikamwambia mimi kweli si mkulima, ni karani. Akanitazama kwa muda mrefu, akanipa chupa bure. Nadhani alivutiwa na hoja yangu.

Kutoka pale nikapita duka la vifaa vya picha. Mama mwenye duka akasema ya Mzee inalaza picha, kila kitu kinakuwa kijivu kama uji. Yeye anauza ya unga, inatoa weusi mzito na weupe wa kung'aa. Lakini punje zitaonekana, akasema. Nikamuuliza punje za nini. Akasema za picha. Nikamuuliza punje ni nzuri au mbaya. Akasema inategemea. Inategemea nini? Inategemea mtu. Mtu gani? Akaanza kumhudumia mteja mwingine.

Nimenunua ya unga, pamoja na dawa ya kukazia.

Usiku nimesoma mtandaoni kwamba kuna watu husafisha filamu kwa kahawa. Kahawa! Pamoja na magadi ya kufulia na vidonge vya vitamini C. Mmoja anaapa kwamba hajaona dawa inayoishinda. Chini yake watu kumi na wanne wanamtukana, na kumi na watatu wanamtetea.

Kichwa kinaniuma. Nimefungua mafaili matatu.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata ufumbuzi nikiwa napiga mswaki. Majaribio!

Mke wangu amesema basi ninunue filamu nyingine, nipige picha za mapapai, nijaribu dawa zote ninazotaka. Nimemweleza kwa upole kwamba filamu nyingine ni filamu nyingine. Huwezi kupima homa ya mgonjwa kwa kumtia jirani yake kipimajoto. Ni lazima kujaribu kwenye filamu ileile. Akauliza tutaijaribuje filamu ileile bila kuitumia. Nikamwambia filamu ni ndefu, imenikaribia kimo. Kipande kidogo hakitaonekana kama kimepungua. Akasema haya. Ile haya ya mke wangu siipendi, ina mkia.

Saa tisa alasiri nimejifungia bafuni. Blanketi dirishani, taulo chini ya mlango, giza totoro. Nikatoa filamu kwenye mkebe wake, nikakata kipande kwa kupapasa. Mkasi umekata kidole kwanza, kisha filamu. Nikairudisha iliyobaki mkebeni, nikakitia kipande kwenye tangi lisilopitisha mwanga, nikawasha taa, nikamimina dawa ya Mzee. Dakika tisa. Kisha ya kukazia. Nikafungua.

Picha! Picha tano, zinaonekana kinyume, cheusi cheupe na cheupe cheusi, lakini ni picha hasa! Mlango wa mama mkwe. Kuku. Kiatu changu. Kuku tena. Na picha ya mwanyumba pale ukutani, niliyoipiga nikijaribu mwanga. Misumari ya mlango inahesabika!

Nimepoteza nini basi? Mlango, kiatu na kuku. Filamu inaanza na upuuzi, watu wako mbele. Mpango huu una akili kuliko nilivyodhani.

Swali ni hili. Kama dawa ya kwanza tu ni nzuri hivi, ya pili itakuwaje?

Alhamisi, 7 Machi

Dawa ya unga. Picha tano. Mama mkwe anajificha uso kwa mtandio, mara tano, kwa sababu hapendi kupigwa picha. Mtandio umetoka vizuri ajabu! Kila uzi! Weusi mzito, kama mama wa dukani alivyoahidi. Kwa kuwa kila kitu ni kinyume, mvi zake zimekuwa nyeusi na amerudi msichana.

Lakini je, ni nzuri kuliko ya Mzee? Nimeweka mtandio kando ya kuku, nikatazama nusu saa. Kuku ni laini. Mtandio ni mkali. Lakini kuku kwa asili ni laini kuliko mtandio. Sasa hapo nimepima dawa au nimepima kuku?

Mama mkwe amepiga simu. Anataka kujua picha zimefikia wapi. Nimesema zimeanza kutokea, na huo ni ukweli mtupu. Akauliza kama dada yake ameshatokea. Nikasema bado yuko njiani. Akacheka. Halafu akasema polepole kwamba jana alijaribu kuukumbuka uso wa dada yake ulivyo sasa, si ule wa ujana, na haukumjia sawasawa. Akaniambia nisiharakishe, nifanye vizuri, mwanangu.

Mwanangu! Baada ya maneno hayo nitawezaje kutumia dawa yoyote ile, kienyeji tu? Haraka haraka haina baraka.

Mchana uleule, kahawa. Nimemaliza kopo zima. Magadi nimeyatoa kwenye beseni la mke wangu. Harufu! Jirani amegonga kuuliza kama bomba la choo limepasuka. Robo saa ya kutikisa huku nimebana pua kwa kibanio cha nguo.

Picha saba! Imekubali! Dada anaingia getini na mkoba. Dada anasimama. Mama mkwe anasimama hatua kumi mbali, amekunja mikono. Bahati mbaya mkasi umepita katikati ya picha moja, dada amebaki upande huu na mkoba wake kwenye mkebe. Lakini rangi ya kijivu ile! Sijaona kijivu kama hicho.

Sasa sielewi kabisa. Jana nilikuwa na dawa moja nzuri na wasiwasi mmoja. Leo nina dawa tatu nzuri. Wasiwasi sijui ni ngapi.

Mke wangu ameomba kahawa jioni. Nimemweleza iko wapi. Hajasema haya. 

Ijumaa, 8 Machi

Adui amebisha hodi. Mwanyumba! Na chupa mkononi! Amesikia kwa mkewe kwamba nahangaika na dawa, akachanganya ya kwake maabara ya shule. Ameandika karatasi kwa mkono wake, joto la maji, dakika, kila kitu, na mistari amepiga kwa rula. Ameongea kwa heshima sana. Kaniita kaka. Kanitakia heri. Nani humtakia heri mtu anayetaka kuushika msumari wake?

Nimeshukuru, nimefunga mlango, nikainusa chupa. Haikunuka kitu. Hapo ndipo mashaka yalipozidi.

Mke wangu kasema niimwage kama siiamini. Hapana! Nikiimwaga, Jumapili atasema angeniokoa nikamkataa. Ni lazima niijaribu, niiharibu filamu kidogo, niuweke ushahidi kwenye faili. Nimefungua faili la nne.

Picha sita. Nimefungua tangi nikiwa nimeshaandaa hotuba ya kumlaumu.

Salale! Nzuri kuliko zote. Au sawa na zote. Wale wawili wamekaa kwenye benchi, kila mmoja ncha yake, mmoja anatazama ukuta, mwingine anatazama mti. Unaona kabisa miaka sita imekaa katikati yao. Nimeitazama nikasahau kwa muda kwamba namchukia mwanyumba.

Kisha nikakumbuka. Siwezi kuutundika ushindi wangu kwa dawa yake. Lakini siwezi pia kumnyima mama mkwe dawa bora. Lakini ni bora? Nimekaa ukingoni mwa beseni hadi miguu ikafa ganzi.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi nimeanika vipande vyote vinne kwenye kamba, dirishani. Nimemwita mke wangu achague. Ametazama, akasema anaona kuku, mtandio, mkoba na benchi. Nikamwambia asitazame vitu, atazame dawa. Akasema dawa haionekani. Akasema pia, huku anahesabu kwa kidole, kwamba picha ishirini na tatu kati ya thelathini na sita ziko hapa kambani, na hakuna hata moja ambayo hao dada wawili wamekaribiana.

Nimemtuliza. Zilizobaki kumi na tatu ndizo zenyewe! Kushikana mikono, kulia, kukumbatiana, kucheka hadi mtandio ukaanguka. Yote yako mkebeni. Tulikuwa tunasafisha njia tu.

Lakini dawa lazima ichaguliwe leo, na nimegundua tatizo langu. Ni chuki. Nikiona chupa ya mwanyumba, moyo unafunga. Nikiona ya Mzee, namwonea huruma kwa kikohozi chake. Hukumu ya haki haijui jina la mtu. Kwa hiyo nimezihamishia dawa zote kwenye chupa za juisi zinazofanana, nimebandua karatasi zote, nimeandika namba tu, kwa chaki, nikazipanga bafuni na kuzichanganya huku nimefumba macho. Hata mahakamani hawatendi haki hivyo!

Nimekata picha kumi. Tatu nimeziacha mkebeni, akiba haiozi. Nimeingiza kumi kwenye tangi, nimewasha taa, nimenyoosha mkono bila kutazama, nimechukua chupa moja. Ilikuwa imelowa kwa nje, namba imefutika. Vema, hata mimi sijui! Nikamimina. Dakika tisa. Kisha nikatafuta dawa ya kukazia.

Hapo ndipo nilipojiuliza dawa ya kukazia ni ipi.

Chupa zote ni za juisi. Zote ni sawa. Karatasi ya dawa ya kukazia nimeibandua pamoja na nyingine, kwa sababu ya haki.

Nimefungua tangi. Filamu imetoka nyeupe pe, unaona vidole vyako upande wa pili. Hakuna dada. Hakuna mama mkwe. Hakuna hata kuku. Nimeanza na dawa ya kukazia, nayo imekula kila kitu kabla hakijatokea.

Nimekaa sakafuni nikalia. Si kwa ajili ya msumari. Nimemkumbuka yule mama kwenye simu, anavyoutafuta uso wa dada yake asiupate, na mimi nilikuwa na uso huo mara kumi, wote unacheka, nikaumwaga kwenye shimo la maji machafu.

Mke wangu ameingia. Ametazama filamu, ametazama chupa, amenitazama mimi. Ameuchukua mkebe wenye zile tatu akautia kwenye mkoba wake, akafunga zipu. Akasema mshika mbili moja humponyoka. Nikamwambia zilikuwa nne. Akatoka.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu amekwenda kwa Mzee Taa Nyekundu peke yake, asubuhi. Nimekatazwa kufuatana naye. Nimekatazwa pia kuingia bafuni, hata kwa shughuli za kawaida, hadi arudi.

Amerudi saa saba na bahasha. Mzee ametumia dawa yake, dakika tisa, hakuuliza kitu. Picha ya kwanza, kidole gumba changu. Ya pili, dari. Ya tatu, wao.

Sikumbuki hata nilipoipiga. Hawakuwa wamekaa vizuri. Hawaitazami kamera. Wamechoka kulia, wameegemeana bega kwa bega kwenye benchi lile, macho ya mama mkwe yako chini na dada anatazama mbele, usoni kila kunjo linaonekana.

Saa kumi tumefika. Wote wapo. Mama mkwe ameishika picha kwa mikono miwili, ameisogeza dirishani.  Akasema kumbe dada amezeeka hivi. Kisha akasema hata yeye kazeeka. Akacheka, machozi yakamtoka, akajifuta kwa mtandio.

Halafu akaniuliza ile ya kukumbatiana iko wapi.

Nikasema mwanga uliingia kwenye filamu, ukaifuta. Mke wangu akatazama dari. Nilitaka kusema kweli, mdomo ulishafunguka, lakini mama mkwe akaniwahi. Akasema si neno, kukumbatiana anakukumbuka mwenyewe, uso wa dada ndio aliokuwa anaogopa kuusahau. Akanishukuru. Akaniita mwanangu. Mara hii jina hilo limenichoma kama kaa la moto, na nimeona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Picha imepanda juu ya redio. Ya mwanyumba imehamia ukumbini, karibu na mlango wa choo. Nyundo kashika yeye. Hakukasirika hata kidogo. Ameniuliza mwishowe nilitumia dawa gani. Nikasema ya Mzee. Akatikisa kichwa, akasema dawa zote hizo ni karibu sawa, tofauti yake mtu haioni, muhimu ni kutozichanganya.

Zote ni karibu sawa! Na ananiambia leo!

Nimeapa. Kuanzia leo nikipewa chupa moja nitatumia chupa moja. Yamekwisha.

Jumanne, 12 Machi

Mama mkwe amepiga simu. Anataka nakala moja ya picha ile, kubwa, ampelekee dada yake pamoja na ile cherehani. Cherehani! Ameamua kumpa! Mtu wa mizigo anaondoka Ijumaa. Na kazi hii amesema ananipa mimi, kwa kuwa nimeshaonyesha uangalifu.

Nimekwenda kwa Mzee. Amenikabidhi negativu, kile kipande cha filamu chenye picha yenyewe, kwenye karatasi laini, moja, ndogo kama biskuti, akaniambia hakuna nyingine duniani na nikiona vema niiache palepale, aichape mwenyewe kwenye karatasi yake ya siku zote. Nikamuuliza kama karatasi hiyo ni bora. Akakohoa.

Nimepita dukani kuuliza tu. Mama wa dukani anasema karatasi ya Mzee haing'ai, na picha ya zawadi lazima ing'ae. Mwanyumba kwa simu anasema inayong'aa huonyesha alama za vidole, shuleni wana isiyong'aa. Mtandaoni wanasema zote mbili zimepitwa na wakati, ipo ya tatu. Chini yake watu ishirini wanatukanana.

Yaani mtu amtumie dada wa mama mkwe picha ya kubahatisha? Baada ya miaka sita? Haiwezekani. Na siku ni tatu tu, siwezi kuzungusha negativu moja kwa watu wanne, nikiwemo mimi na karatasi ya mtandaoni, mmoja baada ya mwingine. Lazima wote tuchape kwa pamoja, siku moja, nilinganishe.

Nimeitazama negativu kwenye taa kwa makini. Wale wawili wamekaa katikati kabisa. Pembe zote nne hazina mtu. Nimehakikisha mara mbili.

Mke wangu yuko sokoni. Mkasi nimeshauona ulipofichwa.